Kumbukumbu Chache

Jumanne, theluji ikiwa imeishia nusu ya mlima,
Deolinda aligonga dirisha langu kwa mwiko:
"Njoo uitazame kompyuta. Imezeeka kuliko mimi."
Si kweli. Yeye ana themanini na mmoja,
mashine ina kumi na mitatu,
ila kwa mashine huo ni umri wa kuchimbiwa kaburi.

Nimepanda nguzo za simu miaka thelathini na minne
katika milima hii ya kaskazini mwa Ureno.
Najua waya unavyolia upepo ukiutesa.
Najua pia kwamba watu huilaumu kampuni, mbingu, serikali,
kumbe kasi imefika zamani, imekwama sebuleni.

Ruta niliikuta nyuma ya jiko la chuma,
imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe,
"isipate baridi."
Na kuta zile za mawe! Ukizama mkono
utafika kwapani hujauona upande wa pili.
Mawimbi gani yatapenya hapo?

Mjukuu wake, Ivone, yuko Luksemburgi.
Kila Jumapili uso wake huganda kwenye kioo
mdomo wazi, kama mtu aliyekumbushwa deni,
na sauti huja baadaye, peke yake,
mdomo ukiwa umeshafungwa.

Nikamwambia, "Jirani, shida nyingine ni kumbukumbu chache."
Akakunja uso.
"Zangu au zake?"

Kutwa nzima nikatoboa ukuta.
Meno mawili ya keekee yakavunjika,
la tatu likatokea jikoni, kando ya picha ya harusi.
Nikapitisha kebo. Nikafungua kasha:
vumbi zito kama sufi,
na nywele za paka aliyekufa mwaka juzi
(akazichukua, akaziweka mfukoni, hakusema kitu).
Kadi ya kumbukumbu niliitoa kwenye kompyuta ya parokia,
ile iliyopigwa na radi wakati wa kwaresima;
ubongo wake ulikuwa mzima, mwili ndio ulioungua.

Zikabaki programu zinazoamka pamoja na mashine.
Kumi na moja. Zilikuja kama watu wa matanga,
msiba ukaisha, zikahamia.
Moja moja nikazifungia virago:
ya printa waliyokwisha kuiuza,
ya kalenda ya mwaka ambao haupo tena,
mbili za kuzuia virusi, zinazogombana wao kwa wao.

Ya mwisho ilikuwa ya Abílio.
Aliiweka marehemu, kwa ajili ya miti yake ya cheri,
imwambie jalidi itashuka usiku gani.
Kila asubuhi huuliza kituo cha hali ya hewa
kilichofungwa miaka sita iliyopita,
hubisha hodi, hungoja, hubisha tena,
dakika mbili na nusu, njia yote imeziba.
"Huyu ndiye mwizi wako," nikasema, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Husomi inavyoandika?" akauliza.
Nikasoma.
*Habari ya asubuhi, Abílio. Ninatafuta.*

Jiko lililia kuni mbichi.
Mimi nimekata simu za watu wengi walioshindwa kulipa,
sikuwahi kutetemeka mkono.

Sikuifuta. Niliipanga iamke ya mwisho,
wengine wote wakishapita.

Jumapili Ivone akacheka,
na kicheko kikafika pamoja na meno yake.
Deolinda alishtuka, akajishika nywele:
"Ananiona hivi hivi, wakati huu huu?"
Akaenda kuchana, akamwacha mtoto akingoja
mbele ya kiti kitupu, picha safi kabisa.

Napita pale saa moja asubuhi nikienda kununua mkate.
Dirisha lina mwanga wa buluu. Kikombe kinatoa moshi.
Mashine ina haraka sasa, ingeweza kufika popote.
Yeye ameketi, mikono mapajani,
wanatafuta.